Nilimtuma Akaniposee, Akajiposea

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana mtaa mzima wa Dengfeng wananijua na nusu yao wanasoma hapa. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na nne, mtoto wa Ilala, niko Guangzhou mwaka wa tatu. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, sikumbuki nani alianza. Lakini Kichina kinanitoka kama maji. Mfanyabiashara akitua kutoka Dar ananiulizia mimi kwanza, hoteli baadaye. Wauza viatu na nguo wa soko la Zhanxi wakiniona wanashika vichwa. Nayasema haya ili mjue aliyelizwa si bwege.

Kuna binti, nimwite Rukia, Mzanzibari, anasomea udaktari hapa. Mwaka mzima tumetaniana kwenye mgahawa wa Waswahili, mimi namwita Daktari, yeye ananiita Bwana Bei. Nilimpenda, ila kwetu mtu hajisemei. Unatafuta mshenga mwenye heshima na ulimi wake, anakwenda kwa wakubwa wa binti, wewe unakaa mbali na roho mkononi. Baba yake Rukia ni marehemu, mkubwa wake ni kaka yake, Kaka Hamza, mfanyabiashara wa jinzi. Mshenga wangu nikamchagua Sele, mwanafunzi wa uhandisi tunayelala naye chumba kimoja. Alipofika huku anatetemeka kwa baridi, koti la kwanza alilovaa lilikuwa langu.

Mwaka mpya wa Kichina ukaingia, viwanda vya jinzi vya Xintang vikafungwa, Kaka Hamza na mkewe wakakwama mjini na jinzi zao hazijaisha kushonwa. Nikaona huo ndio mlango. Nikamwambia, "Kaka, kukaa hotelini kutazama dari ni ugonjwa. Twende mashamba, mchukue na Rukia." Kuna bosi mmoja wa duka la viatu, mama yake ana nyumba ya wageni bondeni, huko kaskazini. Tukaenda watano kwa basi, na sufuria zetu na visu vyetu, maana kuku tulitaka tuchinje wenyewe.

Mahali penyewe msiniulize. Nyumba ya matofali ya udongo na vigae vyeusi, mto unapita chini ya uwanja, milima pande zote mbili imejifunika ukungu kama maharusi. Tukashinda mabondeni kwenye mianzi. Rukia akavua viatu, akatia mguu mtoni, akasema, "Maji haya yana meno."

"Daktari, ukizirai hapa atakutibu nani," nikamwambia, "yule nyati wa kulimia?"

Alicheka mpaka akamshikilia wifi yake. Jamani, kicheko kile nilikihesabu kuwa changu.

Kesho yake tukaenda mji wa kale, wenye ukuta wa mawe na vichochoro ambavyo wawili hampishani. Sele akanikonyeza, akampandisha Kaka Hamza ghorofani kwenye nyumba ya chai. Mimi kwa desturi nikabaki chini, najitia kupatana bei ya kofia za ukindu, jicho liko dirishani. Nikamwona Kaka Hamza anatikisa kichwa, kisha anacheka, kisha anamkumbatia Sele. Nikajua posa yangu imeitikiwa. Zile kofia nikazinunua zote, sikupunguza hata senti. Muuzaji alinitazama kama naumwa.

Jioni, kuku yuko mezani, Kaka Hamza akasema, "Ndugu zangu, tumepata mume, kumbe tulikuwa naye ndani ya basi. Rukia nimemweleza posa imekuja, akanyamaza, na kimya cha mwari mnakijua ni jibu." Mimi huyo nikasimama, mkono kifuani, nishukuru. Kaka Hamza akasema, "Kaa kwanza Bwana Bei, zamu yako ya maneno mengi inakuja. Sele, simama, mbona unajificha?"

Nikageukia jikoni, nikajifanya nimeinuka kufuata chai.

Asubuhi nikamkamata Sele mtoni. "Nilikutuma nini?"

"Nilianza na wewe, mwanangu, wallahi," akasema. "Akaniuliza umesoma wapi. Nikamwambia kidato cha pili. Akaniuliza kazi. Nikamwambia unatafsiri bei. Akatikisa kichwa, akasema, kwa nini usioe wewe? Ningemjibu nini?"

"Ungemjibu koti umeliazima kwa nani."

Akainama, akanawa uso kwa maji ya mto. Mpaka leo sijui kama ni kweli au alijitungia njiani.

Kilichonimaliza kilikuwa kwenye basi la kurudi. Rukia alikuwa kiti cha nyuma yangu, akainama, sauti ya chini. "Kaka aliniambia tu, Sele kaleta posa. Nami najua mshenga haleti yake. Nilidhani ni yako, ndiyo maana nikanyamaza."

Kaka yake yuko mbele yetu, Sele yuko ubavuni kwangu anajitia amelala. Mimi niliyewashinda Wachina wote wa Zhanxi kwa mdomo nikakimbilia utani. Nikacheka, nikamwambia, "Mimi nioe, Daktari, Zhanxi nimwachie nani?" Akarudi nyuma. Hadi tunaingia mjini alikuwa anatazama dirishani, na kofia yangu ya ukindu mapajani.

Sasa viwanda vimefunguliwa. Nikaha itafungwa hapahapa kabla Kaka Hamza hajapakia kontena lake. Jana kanipigia simu, kaniomba niwe mpambe wa bwana harusi, na suti ya Sele nikaipatane mimi kwa kuwa bei nazijua.

Nikisema, namwaibisha kaka mtu mbele ya Waswahili wote, na pengine atasema huyu wa kidato cha pili ana wivu. Nikikaa kimya, binti ataolewa kwa kimya alichomnyamazia mtu mwingine. Wakubwa zangu na wadogo zangu mnaosoma hapa, msinicheke kwanza, nisemeni baadaye. Niende kwa Kaka Hamza, na safari hii nijisemee mwenyewe? Au niende Zhanxi nikachague suti?