Omena Iliyoitwa kwa Jina Langu

Bado naisikia ile gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Mama mmoja alikuwa ameijaza omena, dagaa wa ziwani, akaigonga ubavuni kwa kiganja, ko, ko, ishuke vizuri, kisha akaliita jina langu. Aliliita kwa sauti ndefu, akivuta mwisho wake, vile dani yangu, mama yake baba, alivyokuwa akituita jioni tuje tuoge. Nilikuwa palepale soko la Suna, nimeinama nachagua nyanya.

"Naam, mama," nikaitika, nikageuka na nyanya mkononi.

Hakuwa akiniita mimi. Alikuwa akiuza omena.

"Omena imeitika," akasema jirani yake wa mboga, na safu nzima ya akina mama ikacheka.

"Basi ipimie haraka," mwingine akadakia, "kabla haijatoroka."

Nikacheka nao, maana mimi kicheko hakinitoki mbali. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani shingo yangu ilikuwa ya moto, na zile nyanya nilikuwa nimezibonyeza mpaka moja ikapasuka.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Limeshaandikwa mahali pengi bila mimi.

Kwetu ni Rusinga, ukishavuka daraja la Mbita. Huko mtoto mchanga akilia sana, hata kunyonya hataki, wazee wanasema anataka jina. Kuna mtu wa zamani, aliyekwisha kufa, amemjia. Basi wanamwinamia mtoto na kutaja majina, huyu, yule, yule mwingine, na wakimtaja mwenyewe mtoto ananyamaza. Binamu yangu, mtoto wa baba mkubwa, ndiye aliyezaliwa kwanza. Alilia, wakataja, akanyamaza kwa jina la mama yake babu. Wiki chache baadaye nikazaliwa mimi, boma hilo hilo, nyumba ya pili. Nikalia. Wakataja majina ya ukoo mzima, sikutaka. Mwishowe nikanyamaza kwa jina lile lile.

Kwa hiyo tukawa wasichana wawili, jina moja, lango moja. Ili watutofautishe wakamwita yeye Maduong', yaani mkubwa, na mimi wakaniita Matin, yaani mdogo. Kwa wiki chache tu. Yeye kwanza kuchotewa uji, yeye kwanza kupimwa sare, na mimi nikavaa ile iliyokuwa imeshambana. Tukigombana alikuwa na neno lake moja la kunimaliza.

"Mimi nililia jina," alikuwa akisema. "Wewe ulilia tumbo."

Hata leo mtu akiniambia nina gesi tumboni nakasirika bure.

Baba alipopata kazi ya ujenzi Migori, tukahamia Suna, hapo hapo Migori. Nilisoma mpaka kidato cha pili, mambo yakakataa, nikaenda kukanda chapati kwenye hoteli ya mama mmoja wa kanisani kwetu. Kazi niliipenda. Unga una ukimya fulani unaokuacha uwaze. Niliwaza hoteli yangu mwenyewe, pazia za njano, redio juu ya kabati, na jina langu juu ya mlango kwa herufi za kuonekana kutoka barabarani. Asubuhi kabla ya wateja nilikuwa nikiliandika kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani, nalitazama, halafu nalifuta kwa kiganja.

Huku mimi naandika kwenye unga, huko Mbita binamu yangu alikuwa akiandika kwenye mbao.

Alianza na kichanja kimoja cha miti, wavu umetandikwa juu, omena inaanikwa hapo badala ya mchangani. Kando yake akajenga duka dogo, akaliandika jina letu. Watu wa bodaboda wakaanza kuambiwa, nishushe kwa fulani. Baadaye lile "kwa" likadondoka, watu wakawa wanasema tu wanashuka hapo, kwa jina, kama vile unasema unashuka Rongo. Steji ikawa na jina letu. Kisha mvuvi mmoja akaliandika ubavuni mwa boti lake, eti lina bahati. Wasichana wa netiboli wakalichukua kwa timu yao. Habari hizi zililetwa na shangazi, moja moja, kila akija Suna, na kila mara alinitazama usoni akitabasamu kana kwamba ananiletea zawadi.

Na sasa omena. Wanunuzi sokoni walikuwa wakiuliza kabisa, "Unayo ile ya fulani? Ile haina mchanga."

Siku moja nilinunua gorogoro nzima, nikaipeleka nyumbani wakati mama hayupo. Niliiloweka kwenye beseni jeupe. Niliiosha polepole, nikaitoa yote, kisha nikainamisha beseni nitazame chini. Nilikuwa nautafuta mchanga. Punje moja tu ingenitosha. Ningeibeba kwenye kucha mpaka sokoni niwaonyeshe.

Hakukuwa na kitu. Maji yalikuwa na magamba madogo yanayometa, basi.

Nikaikaanga na nyanya na kitunguu. Mama akarudi, akaonja, akaongeza ugali.

"Hii tamu. Umeitoa wapi?"

"Sokoni tu," nikasema.

Usidhani sikujaribu kujituliza. Nilijiambia, Migori ni mto, ni mji, tena ni kaunti, na sijawahi kusikia mto ukilalamika. Homa Bay ni vivyo hivyo, mji na kaunti yake wanatumia jina moja na wanaishi. Suna ni watu, ni soko, ni mahali ninapolala. Lakini mto haujawahi kuitwa Matin.

Mwaka huu ndoto ikanikumbuka. Nikapata kibanda cha mabati karibu na steji yetu ya Suna, jiko la makaa, meza mbili na benchi. Ijumaa mchana nikamwita fundi wa kuandika. Akaja na mkebe wa rangi nyekundu, akapima mlango kwa jicho, akaniuliza jina. Nikamwambia. Akachora herufi ya kwanza, nzuri ajabu, yenye tumbo na kivuli pembeni. Kisha akasimama na brashi hewani.

"Kumbe nyinyi ni tawi la wale wa omena wa Mbita?"

"Hapana. Ni jina langu."

"Lako?" Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye slipa. "Sawa dada. Lakini watu watasema tawi. Niandike tawi tuwarahisishie?"

Nikamwambia aache. Akadhani natania, akacheka, nikamwambia tena aache. Akakusanya vitu vyake kwa haraka, akasahau mkebe na brashi kuukuu. Jua lilikuwa linashuka, na sisi Wasabato Jumamosi hatufungui, kwa hiyo herufi ile ikakaa peke yake mlangoni Sabato nzima. Watu wa kanisa walipita wakaitazama. Mzee mmoja aliniuliza kama ni alama ya kubomolewa.

Jumapili nikapitia Homa Bay, nikaenda Mbita. Nilikuwa nimeamua. Ama alibadilishe la kwake, ama tutoke damu.

Pale Mbita nikamwendea kijana wa bodaboda, na ndipo nilipokwama. Ili nifike ilibidi nilitaje jina langu kama mahali.

"Wapi, siste?"

Nikataja.

"Panda. Leo kila mtu anaenda hapo." Tulipofika kwenye mteremko akageuza kichwa kidogo. "Na wewe unaitwa nani?"

Nikamwambia jina la mbuzi wetu.

Binamu yangu alikuwa kwenye vichanja, amefunga leso kiunoni, anageuza omena kwa mikono miwili kama mtu anayetandika kitanda. Vichanja vilikuwa vingi kuliko nilivyovichora kichwani, na hilo likaniuma zaidi. Wanawake watano au sita walikuwa wakimfanyia kazi. Dani alikuwa ameketi kivulini ukutani mwa duka, miguu imenyooka, anachambua vipande vilivyovunjika. Siku hizi amehamia kwa Maduong'. Hilo nalo liliniuma.

"Matin!" binamu akaita, mbele ya wote. Akaja kunikumbatia na harufu yake yote ya ziwa. "Mbona hukusema unakuja? Ningekuchinjia."

"Nimekuja kuchukua jina langu," nikasema.

Nilikuwa nimejizoeza njia nzima kulisema kwa ukali. Lilitoka kama naomba chumvi.

Akacheka mpaka akashika kichanja. "Liko hapo kwenye mbao, chukua. Beba na steji. Beba na wale kunguru, usiwaache, nao wanajulikana kwa jina hilo."

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka, na mtu anayenijua akiona sicheki anajua kuna neno. Binamu akaacha. Nikamweleza kuhusu kibanda, kuhusu fundi, kuhusu tawi. Nilimwambia nimeishi na jina hili muda ule ule aliouishi yeye, kasoro wiki chache, na sasa nikilitumia nitaonekana nimeliiba.

"Si nilikwambia zamani," akasema, nusu utani. "Mimi nililia jina. Wewe ulilia..."

"Dani alikuwepo," nikamkata. "Dani aseme."

Nikamgeukia nyanya yetu. Ndiye aliyetuinamia sote wawili, ndiye aliyetaja majina. Nikamwuliza kwa heshima, "Dani, kati yetu ni nani alilia jina? Kama mimi nililia tumbo, niambie tu. Nitaandika kitu kingine."

Niliona kwa pembe ya jicho kwamba binamu ameacha kugeuza omena.

Dani hakuharakisha. Alitupa kichwa kimoja cha omena kwa kuku.

"Huyu mwenzako alilia, nikataja, akanyamaza. Mchana, watu wamejaa, tukapiga vigelegele. Wewe ulianza kulia, nikajua mapema ni nani amekuja. Yule mama mkwe wangu namjua. Hakuwa mtu wa kutosheka na kiti kimoja." Akacheka kidogo, peke yake. "Lakini mama yako mkubwa alikuja akasimama mlangoni. Akasema, hilo msiguse, limeshachukuliwa. Basi nikataja mengine. Nikataja hata ya upande wa kwetu nilikozaliwa. Wewe ukalia mpaka sauti ikakauka, mama yako naye analia."

"Mama yangu alisema hivyo?" binamu akauliza.

"Alisema. Alikuwa amekuzaa majuzi, alitaka uwe na chako." Dani akanitazama. "Nikakuinamia, nikalisema ndani ya sikio. Kwa sauti ndogo, wa mlangoni wasisikie. Ukanyamaza pale pale, ukanishika kidole."

"Kwa hiyo sikulia tumbo," nikasema.

"Tumbo gani? Tumbo halijui kunyamaza kwa jina."

Kuku walikuwa wakigombania kile kichwa. Ningependa kuandika kwamba wivu uliniisha pale pale. Haukuisha. Nilifikiria vile vigelegele vyake, mchana, watu wamejaa, na mimi la kwangu likatiwa sikioni kama siri ya aibu. Hata jina moja, yeye alipigiwa kelele nalo.

Binamu alikuja akaketi kando yangu chini.

"Mimi siwezi kulitoa kwenye steji," akasema. "Hata nikifuta duka, wale vijana wataendelea kuita. Si langu tena kulitoa." Akang'oa gamba lililokuwa limeganda mkononi. "Lakini mtu akikuuliza kama wewe ni tawi, mwambie aje aniulize mimi. Nitamwambia hapana."

"Utasema hivyo?"

"Nitasema tulililia wote." Kisha, kwa sababu hawezi kujizuia, "Mimi kwanza."

Alitaka kunifungia gunia la omena nikauze na chapati. Nikakataa. Nilipofika Suna nikakuta amelisukuma chini ya kiti changu cha matatu, limefungwa kwa kamba, na pembeni ameandika kwa kalamu ya wino mzito, Matin. Nilikasirika njia yote ya kutoka steji mpaka nyumbani, nimelibeba kichwani.

Jumatatu niliamka kabla ya mama. Barabara ilikuwa bado haina mtu, ila mbwa wa kinyozi. Nilifungua mkebe wa fundi. Rangi ilikuwa imeweka utandu juu, nikautoboa kwa kijiti, nikakoroga. Sikuwahi kushika brashi ya kuandika maishani mwangu.

Nilianzia pale alipoachia. Herufi ya pili ilitoka nyembamba, ya tatu ikalala kama imechoka. Zangu hazikuwa na tumbo wala kivuli. Nilizifanya kubwa, kubwa kuliko ya fundi, mpaka ilipobaki moja nikakuta mlango umekwisha. Nikasimama kidogo nikitafakari. Halafu nikaiandika ile ya mwisho kwenye ukuta, ng'ambo ya bawaba, na tone la rangi lilipoanza kuteremka chini yake nikalamba kidole na kulifuta.