Gauni Juu ya Mwamba

Mimi ni mama wa kwaya, na kwetu Rubondo, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mama wa kwaya havai suruali. Anaweza kusengenya, anaweza kusinzia mahubiri yakiendelea, hata kununa mwezi mzima. Lakini suruali, hapana, hiyo itamfungia mbingu.

Shida yangu ilianzia Ruti, mtaa wa mji wa Mbarara, kwa mama mmoja Mwislamu ambaye huwa nachukua vitenge dukani kwake. Siku moja alinipeleka kwenye mwamba nje ya Mbarara, ambako wamepigilia vyuma vya kukanyagia na kuvuta waya mnene toka chini hadi juu. Unavaa mikanda ya kiunoni na mapajani, yenye kamba mbili fupi za kulabu, unazinasa kwenye waya, unapanda. Nilipanda kidogo tu, gauni likinasa kwenye kila chuma, nikashuka nikicheka peke yangu. Nilipenda, jamani! Tangu nikimbie Kivu Kusini, ule ulikuwa woga wa kwanza niliouchagua mwenyewe.

Basi nikaanza kujiandaa. Nyumbani nilijifunza kwenye waya wa kuanikia nguo: nikifika kwenye nguzo natoa kulabu moja, naihamishia mbele, ndipo natoa ya pili. Majirani waliokuwa wanatoka kuteka maji walitua madumu ili wacheke vizuri.

"Mama, siku hizi unajianika mwenyewe?"

Habari ikamfikia pasta kabla nguo hazijakauka. Akaniita kuhusu suruali.

"Mama, ukivala pantalo kule, kwaya utaiacha. Uchague."

Kwaya hiyo niliianzisha mimi, chini ya turubai, kabla yeye hajatufikia na koti lake. Nililia, kisha nikakasirika, na hasira ilinifaa zaidi.

Rafiki yangu wa Ruti alicheka mpaka akakaa chini. "Yarabi! Sisi tunavaa suruali chini ya dira miaka yote, nani ametuuliza?" Akanipa yake moja, pana. Nikashona gauni refu la kitenge lenye nafasi ya watu wawili, nikalitoboa mbele, usawa wa kitovu, kamba zipate kutokea. Suruali na mikanda vikabaki ndani. Kwa nje, mama wa kwaya kamili.

Siku ya kupanda, pasta akaja na shemasi wake, eti kuniombea. Wakazunguka kulia, wakazunguka kushoto, wakaona gauni tu mpaka kwenye vifundo. Nikapanda. Mwalimu wa kupanda, Mnyankore wa hapo Mbarara, alinipigia kelele toka juu: "Mama, usitoe yote mbili! Toa moja, weka, halafu ingine!" Upepo ukalijaza gauni, nikaimba kwa sauti yangu yote. Nilipotazama chini, pasta na shemasi walikuwa wamehamishia maombi chini ya miguu yangu kabisa, macho wazi, nyuso zimeelekea juu.

Jumapili pasta akasimama mbele ya kanisa.

"Bandugu, huyu mama alivala pantalo kule. Tuliona na macho yetu. Leo anaacha kwaya."

Nikasimama.

"Pasta, gauni yangu ilifika mu miguu. Mulisimama fasi gani mpaka mukaona?"

Shemasi akainamia Biblia yake. Mke wa pasta, kwenye benchi la mbele, akainua uso akamtazama mumewe, naye pasta akaanza kutafuta leso mfukoni. Wimbo wa kwanza nilianzisha mimi.