Muuzaji Aliyenyamaza Karurumo

Wanaonijua hapa Nkubu watakuambia mimi si mtu wa porojo. Nafuma sweta za shule, naenda kanisani, nalala mapema. Haya ninayokusimulia niliyaona kwa macho yangu, tena alasiri, nikiwa sijalala wala sina homa.

Mashine yangu ya kufumia ilikuwa imeharibika, na shule moja ilikuwa imenipa kazi ya sweta za kidato cha kwanza. Nikaona nyingine kwenye mnada wa mtandaoni, imetumika lakini nzima, inauzwa na mama wa Karurumo aliyejiita Mama Marigu. Nilipandisha bei hadi wengine wakaniachia. Mnada ulipofungwa jioni hiyo, alinipigia mwenyewe. Alikuwa akikohoa sana, maneno yakikatika, lakini alinielekeza vizuri: njia ya kushuka mtoni, chumba chenye mlango wa kijani. Nikamtumia nusu ya pesa.

Baada ya hapo, kimya. Ukipiga, simu imezimwa. Ukiandika, ujumbe unabaki na tiki moja. Siku ya tatu nilimbembeleza. Siku ya tano nilimtisha na polisi. Siku ya nane, sitakuficha, nilimwita mwizi. Nikamwandikia kwamba hicho kikohozi chake cha kuigiza siku moja kitamuua kweli.

Siku ya tisa nikaenda mwenyewe.

Nilifika Karurumo saa tisa, kuna manyunyu. Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Ndani, mama mwembamba mwenye kitambaa cha njano kichwani alikuwa ameketi mbele ya mashine.

"Mama Marigu?" nikauliza. Nilikuwa nimejiandaa kugomba.

"Ni mimi. Karibu mama, umetoka mbali."

"Mbona umenyamaza hivyo?"

"Simu siko nayo tena. Unisamehe. Sikutaka uende bila kujua hii mashine inavyotaka."

Hasira yangu ikaisha, sijui ilienda wapi. Alinipisha nikaketi. "Ukiivuta kwa nguvu inakata uzi," akasema. "Vuta hivi." Akaweka mkono wake juu ya wangu. Watu husema mikono ya namna hiyo huwa baridi. Niamini, ule ulikuwa na joto kama wako.

Nilifuma mistari kumi na miwili hivi, uzi haukukatika. Nikageuka nimuulize habari ya sindano za akiba. Hakuwepo. Nikadhani ameenda kuweka chai, nikaendelea kufuma.

"Wewe ni nani? Umeingiaje humo?"

Alikuwa mzee mlangoni, jembe begani, matope hadi magotini. Nikamwambia mimi ndiye niliyenunua mashine, na Mama Marigu amenikaribisha sasa hivi.

Alishusha jembe. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akanionyesha. "Hapa nilifunga na kufuli. Huyo ni mke wangu. Alituacha usiku ule mnada ulipofungwa. Tulimzika Jumamosi."

Ungekuwa wewe ungefanya nini?  Mimi nilimwonyesha tu kile kipande nilichofuma. Akakigusa kwa kidole, akaketi kwenye kizingiti.

"Alikuwa anakohoa?" akauliza.

"Hapana, mzee. Hata mara moja."

Akavua kofia yake, akajifunika uso nayo.  Manyunyu yaliendelea.

Alipotulia aliingia nyumba yao kubwa, akarudi na simu ya mkewe. Aliizima siku ya msiba, akasema, kwa sababu hakuweza kuisikia ikilia. Sasa alitaka kuhakikisha jina langu. Akaiwasha. Jumbe zangu zikaanza kuingia, moja, nyingine, nyingine tena, simu ikitetemeka mkononi mwake.

"Mzee, tafadhali, usizisome."

Akazisoma. Zote, polepole, midomo ikitembea kama ya mtu anayesoma Biblia. Ile ya mwisho aliirudia.

"Ulikuwa hujui," akasema. Akainuka kwenda kutafuta gunia la kufungia mashine.

Ni mwaka wa pili sasa. Mashine inafanya kazi vizuri, na mama yule sijamwona tena. Kila shule zikifungwa naenda Karurumo kumjulia hali mzee, nakunywa chai kwake. Hajawahi kuzitaja zile jumbe. Afadhali angezitaja.

Kwa hivyo wewe unayenunua vitu kwa simu, muuzaji akinyamaza, mtafute, ulizia kwao, hata uende. Ni haki yako. Lakini chunga unachomwandikia. Mimi marehemu alinipokea vizuri. Aliyesoma maneno yangu ni yule aliyebaki.