Neno Nililomwandikia Kabula

Siku yangu ya kwanza ya ualimu, pale Sapiwi, Mwalimu Mkuu alinikabidhi chaki, fimbo na daftari la maendeleo, yaani lile la kumpa mzazi habari za mwanawe. "Mwisho wa mstari," akasema, "weka neno moja la Kiingereza. Mkaguzi anapenda hivyo. Mtoto akiwa mzito, andika dull." Nikaitikia, ndiyo mzee. Miaka ile ya Ujamaa, kijana mgeni kutoka Kigoma angebisha vipi?

Kabula alikuwa binti wa darasa la tatu, na kwao walisema Kisukuma kitupu. Katika somo la kilimo nilimuuliza, kwa Kiswahili changu cha haraka, kwa nini mabua ya pamba huchomwa baada ya mavuno. Akatazama miguu yake. Nikarudia kwa ukali. Akazidi kuinama. Nikaandika dull.

Baba yake akaja na daftari mkononi. "Mwalimu, neno hili linasemaje?"

Nikajifanya msomi. "Butu, mzee. Kama kisu kisichokata."

"Aa. Basi mimi nina ng'ombe wa kuchungwa."

Akamtoa shule siku hiyo hiyo. Ningeweza kumkimbilia mzee yule njiani nikamsihi. Sikumkimbilia; nilikwenda kunywa chai.

Nilipohamishiwa Mwanhuzi, Afisa Elimu alikuwa na kamusi nene inayoeleza maneno yalikotoka. Nikalitafuta lile langu. Kumbe halikuanzia kwenye kisu hata kidogo! Waingereza wa kale walimwita hivyo mtu mpumbavu. Kisu kilikuja baadaye sana. Nami miaka yote nilikuwa nikijifariji kwamba nilisema butu tu, na kitu butu hunolewa. Nililia ofisini kwa watu, mtu mzima mimi.

Sasa nimestaafu, niko Bariadi. Kisukuma nilikuja kukijua vizuri, lakini nilichelewa, na hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kusema.

Juzijuzi sokoni mama mmoja mwenye mvi alinisimamisha, akanisalimu. "Mwadila, mwalimu. Ni mimi, Kabula."

Nikaomba radhi. Naye akaniuliza:

"Siku ile uliniuliza nini? Mpaka leo sijui."

Nikamuuliza upya, safari hii kwa Kisukuma. Sikufika mwisho, akanikatiza:

"Si ili wadudu wasihamie msimu unaofuata? Hilo nililijua kabla sijaja shuleni kwako, mwalimu."