Anayesukuma Amejitoa

Nimekuwa katekista tangu ujana wangu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuwaambia watu wavumilie. Nimewaambia wajane. Nimewaambia wakulima wa Kakese mwaka ule mvua ilipokatika mpunga ukiwa unachanua. Kwa hiyo ninapoandika kwamba nilikasirika, na kwamba hasira hiyo bado ninayo, naomba nieleweke. Sikukasirishwa na jua, wala vumbi, wala njaa. Nilikasirika kwa ajili ya mguu wa rafiki yangu.

Rafiki yangu huyu ni mkulima wa Mwamkulu. Tulipata Kipaimara siku moja, na tangu hapo hatujaachana. Alipatwa na kiharusi na mguu wake wa kushoto ukafa kabisa. Masika yote alilala ndani, mkewe akimgeuza kitandani kama mtoto. Siku moja aliagiza niitwe. Nilipofika, alisema mbele ya mkewe kwamba Mungu akiuamsha mguu ule, ataupeleka Karema kwa baiskeli, hadi kwenye kanisa la ziwani alikobatizwa, akashukuru pale.

"Kwa mguu huu huu, mwalimu," aliniambia. "Sitabebwa."

Nilimuuliza kama anajua nadhiri ni kitu gani. Akasema kama hajui yeye, aliyelala miezi yote ile akitazama bati, nani ajue?

Mguu uliamka polepole. Kwanza kidole gumba, halafu unyayo, halafu goti, ingawa goti halikurudi lote. Nilimshukuru Mungu na ninamshukuru hadi leo.

Sisi tuna kikundi chetu cha baiskeli, wazee watano watupu, tuliozoeana katika safari za vigangoni. Baiskeli zetu ni zile nyeusi nzito, zisizo na gia, zenye keria ya kubebea gunia. Ilipotangazwa kwamba kutakuwa na safari kubwa ya baiskeli kutoka Mpanda hadi Karema, yenye gari la maji na daktari, rafiki yangu ndiye aliyesema kwanza, "Twendeni." Tuliona Mungu ametufungulia njia.

Alfajiri ya kuondoka, uwanja ulijaa vijana wenye nguo za kubana na baiskeli nyepesi unazoweza kuziinua kwa mkono mmoja. Kijana aliyeongoza shughuli alishika kipaza sauti, akasoma masharti. Moja alilirudia mara kadhaa: "Anayesukuma amejitoa! Gari la nyuma litampakia!"

Katika kikundi chetu yumo fundi baiskeli mmoja, mtu wa utani. Aligeuka akasema, "Basi sisi tulishajitoa tangu enzi zile." Tukacheka. Laiti tungemwendea yule kijana pale pale tukamweleza. Hatukumwendea, kwa sababu kwetu kusukuma baiskeli mlimani ni sehemu ya kuendesha, na haikutuingia akilini kwamba kuna mtu asiyelijua hilo.

Tena kwetu kuna desturi. Kwenye mlima, mmoja akishuka, wote wanashuka. Hata kama miguu yako bado ina nguvu, unashuka, unasukuma pamoja naye mpaka juu. Tulijifunza hivyo porini. Ukimpita mwenzako kwenye kona ukamwacha anasukuma peke yake, hujui kama nyuma yako tembo wanavuka barabara, au kama yeye mwenyewe ameanguka. Wapo waliowahi kuachwa. Hatuachani.

Asubuhi tulikwenda vizuri. Rafiki yangu aliukanyaga ule mguu akiusemesha, "Haya, haya, haya," na fundi akamtania kwamba anaendesha ng'ombe wa jembe. Milima ilipoanza tulishuka, tukasukuma, tukapanda tena, tukateremka, tukashuka tena. Vijana walikuwa wametupotea mbele zamani. Hatukuwa na haraka nao. Jua lilikuwa bado juu tulipofika kwenye mlima mkubwa wa mwisho, ambao ukishaumaliza ni mteremko hadi ziwani. Tulipofika nusu yake rafiki yangu alishuka. Nikashuka. Wakashuka wote.

Hapo ndipo pikapu ilipotokea nyuma yetu.

"Wazee shikamooni!" Ni yule kijana wa kipaza sauti, na wenzake wawili.

"Marahaba."

"Poleni sana. Haya, tupakie."

"Mpakie nini?" nikauliza.

"Si mmejitoa, mzee? Mnasukuma."

"Tunapanda mlima."

"Huyu babu kachoka, namwona anavuta mguu. Nyie wengine je?"

Fundi akamjibu, "Ameshuka, tumeshuka."

"Basi ndiyo hivyo. Wote mmejitoa." Akatazama simu yake. "Wazee wangu, mgeni rasmi yuko njiani. Akifika anataka akute watu wote uwanjani. Barabara lazima iwe nyeupe, asibaki mtu."

Nilimweleza, na nilimweleza kwa upole. Nilimwambia huyu mzee ana nadhiri, kwamba alikuwa amepooza, kwamba amebakiza mlima mmoja tu. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza, huku mkono wake ukiwaelekeza wenzake. Wakachukua baiskeli ya rafiki yangu wakairusha ndani ya gari. Kisha wakamshika makwapani.

"Niacheni!" alisema. "Niacheni nitembee! Nina nadhiri!"

"Nadhiri utaimalizia kwenye gari, baba."

Wakacheka. Na wakamnyanyua. Ule mguu wa kushoto ulikwaruza kwenye ukingo wa gari, akajikunja. Jambo lililonichoma zaidi ni kwamba wawili wa kikundi chetu walikuwa wameshapanda, nao ndio waliomnyooshea mikono kumvuta. "Njoo tu ndugu yetu, jua kali." Watu ninaokaa nao benchi moja kanisani! Sikuwaambia neno, kwa sababu neno lililonijia si la kutamkwa. Nilipanda na mimi, maana nisingemwacha. Njia nzima ya mteremko alijifunika uso kwa kofia yake.

Tulipofika uwanjani Karema, mgeni rasmi alikuwa hajafika. Tuliketi chini ya turubai. Soda zikaletwa, muziki ukapigwa. Mgeni alikuja jua linazama, akahutubia kuhusu mazoezi na afya za wazee, tukapigiwa makofi. Sisi! Halafu wakaanza kuvisha watu medali. Kijana akafika kwa rafiki yangu, akamvisha yake.

"Ya nini hii?" rafiki yangu akauliza.

"Ya kumaliza, mzee."

"Sijamaliza."

"Chukua tu, baba. Zipo nyingi."

Rafiki yangu aliivua, akaiweka mezani kati ya chupa za soda, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Nami nikaivua yangu nikaitupa juu ya ile yake. Ililia kwenye meza, na watu wakageuka.

Asubuhi yake hakutaka chai. Aliniuliza swali moja tu: kama nadhiri iliyovunjwa na mikono ya watu wengine imevunjika. Nimesoma katekisimu maisha yangu yote, na ningeweza kumjibu kwamba Mungu anajua, kwamba hana hatia. Ndivyo nilivyomjibu. Akasema, "Najua, mwalimu. Lakini mguu haujafika."

Nilikwenda sokoni, nikampata mfanyabiashara wa dagaa aliyekuwa akipeleka mzigo Mpanda. Alitupakia sisi na baiskeli zetu juu ya magunia yake, rafiki yangu, fundi na mimi. Wale wawili walisema miguu inawauma. Nikawaacha.

Mlimani tulimwomba dereva avuke kilele atushushe chini kidogo ya pale tulipokamatiwa, ili isije ikawa tumeruka hata hatua moja. Rafiki yangu alishika usukani, akaanza kusukuma. Mguu ulikuwa umevimba pale ulipokwaruzwa, akawa anauvuta ukichora mstari kwenye changarawe. Mara mbili alisimama nikadhani basi. Fundi, ambaye siku zote hukosa adabu, alitangulia akiyapiga teke mawe yaliyokuwa mbele ya ule mguu. Tulipofika juu rafiki yangu alilitazama ziwa, akafuta jasho, akapanda baiskeli. Tuliteremka tumeshika breki mpaka ziwani.

Kanisani goti lile lilikataa kukunjwa. Alipiga la kulia, la kushoto akalinyoosha pembeni, akashika benchi. Alishukuru kwa sauti, kwa Kipimbwe, akiwataja mkewe, na mguu, na dereva wa dagaa. Mimi nilipiga magoti kando yake nikajaribu kushukuru. Kila nilipofumba macho niliona mikono ile ikiwa makwapani mwake. Mwishowe nilimwambia Mungu ukweli, kwamba nina hasira, na kwamba siombi aiondoe leo.

Tulipotoka tulipita uwanjani. Walikuwa wanakunja maturubai. Yule kijana alituona, tumelowa jasho, baiskeli zina vumbi jipya.

"Wazee! Mmetoka wapi tena?"

"Mlimani," nikasema. "Pale mlipombeba huyu. Amepamaliza."

Alimtazama rafiki yangu, akanitazama mimi. Tabasamu likampungua. "Mzee wangu, usiniambie umekasirika kwa ajili ya jambo dogo kama lile."

Watu wengi wamewahi kuniuliza swali kama hilo, na siku zote nimewajibu hapana, mwanangu, yameisha.

"Nimekasirika," nikamwambia. "Na sharti lile mlifute."

Rafiki yangu alikuwa ameshapanda baiskeli, anaelekea sokoni kutafuta chai.