Tetea Aliyebaki kwa Mayu Felisita

"Jirani yako anapasua vibudu," Domitila aliniambia tukiwa lamboni, ndoo yake imeshajaa na yangu bado. "Kuku akifa hamtupi. Anamlaza juu ya gunia, anamchana kwa wembe, anainamia humo ndani kama anasoma gazeti. Nimemchungulia kwa macho yangu haya. Sasa niambie wewe uliyesoma mpaka darasa la saba, mtu mzima anatafuta nini kwenye utumbo wa kibudu?"

Nikamwambia labda anatafuta ugonjwa.

"Ugonjwa!" Domitila alicheka mpaka kata ikamponyoka. "Ugonjwa wa kuku anautafuta bwana mifugo, analipwa mshahara. Anayetafuta bila mshahara ana lake jambo."

Mimi nilikuwa mgeni kijijini Kasoli. Mume wangu Masunga alikuwa amepata kazi ya kulinda ghala la pamba huko Malampaka, miaka ile makampuni ya watu binafsi yaliporuhusiwa kununua pamba na ushirika ukabaki na majengo matupu. Nyumbani tulikuwa mimi na mwanangu Salu, ambaye hata kutambaa alikuwa hajaanza. Upande mmoja tulipakana na Domitila na mumewe Limbu. Upande wa pili alikuwa huyo wa vibudu, Felisita, mjane wa baba mdogo wake Limbu.

Watu wote walimwita mayu, yaani mama, ingawa watoto aliowazaa alikuwa amewazika wote. Hakuwa mtu laini. Akikukuta unafagia vibaya anakunyang'anya ufagio. Yai la bure kwake hupati hata ukiwa na mimba. Lakini Salu alipokataa ziwa, yeye ndiye aliyeingia kwangu bila hodi, akanipangusa chuchu kwa maji ya vuguvugu, akasema, "Mtoto hajagoma. Wewe ndiye unamshika kama umeshika paka wa watu." Akamgeuza kidogo tu, na Salu akanyonya. Kisha akaondoka bila kungoja asante.

Habari ya vibudu nilimwuliza mwenyewe. Alisema zamani bwana mifugo alikuwa anapita na pikipiki, sanduku la barafu limefungwa nyuma, anachanja kuku wa kijiji kizima. Akikuta kuku amekufa anampasua mbele ya akina mama ili waone. Wengine waliziba pua. Felisita ndiye aliyekuwa anamshikia miguu. Baadaye serikali ikapunguza wafanyakazi, na pikipiki ile haikusikika tena.

"Basi napasua mwenyewe," alisema. "Siwezi kumtupa kabla sijajua kilichomwua. Nitalala vipi?"

Kiangazi kile wachuuzi wa kuku walikuwa wengi mno. Walikuja kwa baiskeli, matenga yamepangwa nyuma mpaka juu ya vichwa vyao, wakakusanya kuku mji kwa mji kuwawahisha treni ya Mwanza. Aliyeonekana mnyonge walimwacha njiani au walimbadilisha na mzima. Haikupita muda, asubuhi moja Felisita akaniita kwa juu ya wigo.

Jogoo wake alikuwa amelala juu ya gunia, miguu imekakamaa. "Mshushe mtoto, akae mbali kidogo. Nishikie hapa." Nikashika. Akamchana kifuani, akatoa firigisi na kile kitumbo kidogo kinachoitangulia, akakipasua na kukiosha kwa maji. Ndani kulikuwa na vidoadoa vya damu, vimejipanga kama vimetobolewa kwa sindano.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Kideri." Akafunika kwa majani. Hakuwa na furaha ya kujua. "Choo cha kijani, kukoroma, mabawa kushuka. Nilimwona tangu jana nikajidanganya kwamba ni mafua."

Aliwafungia waliobaki, akachimba shimo akamfukia jogoo, akanawa mikono kwa majivu. Halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo natamani mtu angemzuia asikifanye. Alikwenda kwa Domitila kumwonya.

Niliwasikia kutoka uani kwangu. "Wafungie kuku wako leo hii," Felisita alisema, kwa sauti yake ile ya kuamrisha. "Usipowafungia, watakufa."

"Umejuaje?"

"Nimeona ndani ya jogoo wangu."

"Umeona kuku wangu ndani ya jogoo wako?"

"Domitila, usiwe mjinga. Nimekwambia watakufa."

Domitila hakuwafungia, na wakafa. Walidondoka mmoja mmoja chini ya kihenge, mpaka vifaranga. Kila aliyepita kumpa pole alisimuliwa kwamba yule mama alikuja mchana kweupe, akasimama pale mlangoni, akasema watakufa.

Hata hayo yangepita. Kuku ni kuku. Lakini mwezi haujaisha, Minza, binti mdogo wa Domitila, akashikwa na homa. Alishikwa asubuhi, mchana degedege, na akafia juu ya baiskeli ya baba yake kabla hawajafika hospitali. Msibani nilimwona Felisita analia huku amekaa peke yake kwenye ncha ya mkeka. Wanawake walijibana upande wa pili mpaka magoti yakapandana, na ule mkeka wake ukabaki wazi.

Baada ya matanga Limbu alikuja kwa Felisita na wazee wa ukoo. Mimi nilikuwa pale, napepeta mtama, na hakuna aliyeniambia niondoke. Limbu alikuwa amekonda. Hakumwangalia usoni.

"Mayu, maneno yamekuwa mengi. Hatutaki kukusingizia. Tutakwenda kwa mganga, kwa mfumu mwenyewe, nawe uje na kuku wako. Utamtemea mate mdomoni, mfumu atampasua, na sisi sote tutaona. Akiwa safi ndani, mimi mwenyewe nitapiga magoti kukuomba radhi."

"Na asipokuwa safi?"

Mzee mmoja akakohoa. Mwaka uliotangulia, upande wa Mwandoya, bibi mmoja aliyesemwa mchawi alikutwa amekatwakatwa mlangoni kwake, na kijiji kizima kikasema hakikusikia kitu.

"Kuku gani basi, Limbu?" Felisita alisema. "Wamekwisha. Nimebakiwa na tetea mmoja, na huyo anaumwa."

"Kuku lazima awe aliyeanguliwa nyumbani kwako. Unajua hivyo. Wa kununua hasemi, na wa kuazima humsema mwenye kuku."

"Nimekwambia anaumwa."

"Basi apone," alisema Limbu. "Siku ya mnada ikishapita, tunakwenda."

Walipoondoka nilimwambia akimbie, aende kwa ndugu zake.

"Nikikimbia nimekubali. Na habari itafika kwao kabla ya mzigo wangu."

"Basi nenda polisi Bariadi."

"Nikawaambie nini, Mama Salu? Kwamba namwogopa kuku?" Akacheka kidogo, halafu akakaa chini kwa ghafla.

Tetea mwenyewe alikuwa mwekundu, mdogo, amejikunyata pembeni ya jiko huku macho yamefumba. Kidevuni udenda unaning'inia. Kila akivuta pumzi, koo linalia kama mlango mbovu. Felisita alimwinua mkia akatazama. Kijani.

Mimi ndiye niliyekwenda Bariadi mjini. Kijana wa duka la dawa za mifugo alinisikiliza vizuri, mpaka mwisho. "Mama, kideri hakina dawa. Kuna chanjo, nayo ni ya kuku mzima, na chupa moja ni ya kuku wa kijiji kizima, ikae kwenye barafu. Huyo mmoja aliyekwisha kuumwa, mchinjeni." Nikamwambia huyo hachinjwi. Akaniona sina akili, akanipa unga wa vitamini.

Felisita aliupokea, akaunusa, akautia kwenye maji. Pamba yake ya mwisho, ile chafu ambayo wanunuzi walikuwa wameikataa, aliitandika ndani ya tenga ikawa kitanda. Akampangusa tetea udenda kwa kitambaa cha maji ya chumvi. Uji wa mtama alimnywesha kwa kijiko, tone baada ya tone, kichwa cha kuku kimelala kwenye kiganja chake.

"Usimlaze chali, atapaliwa," alinifundisha. Kisha akamgeukia kuku. "Meza, mpumbavu wewe. Mwaka mzima umekula mtama wa watu bila kualikwa, leo uji umekushinda?"

Tetea akameza.

Nikawa naenda kila asubuhi, mwanzoni nawakuta kuku na mtu wote wawili wamejiinamia. Felisita hakunisalimu. Aliniuliza tu, "Kinyesi cha leo unakionaje?" Tukainama pamoja, yeye anageuza kwa kijiti, mimi na Salu mgongoni. Kijani kikali. Kijani cha maji. Halafu kijani chenye weupe. Siku nilipoona kimeanza kushikana na kuwa cha rangi ya udongo, nilipiga kigelegele kimoja, akanikanya kwa kidole. "Nyamaza. Usimwite shetani kwa jina." Lakini uji ulikuwa umemwagikia kangani.

Tetea akasimama. Akanywa mwenyewe. Koo likaacha kulia. Jioni moja akadonoa punje za mtama kwenye kiganja changu, na Felisita akageuka upande wa ukuta, akajifanya anatafuta kitu.

Lamboni Domitila aliniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza anisemeshe tangu msiba. Alikuwa amenyoa kichwa, na uso wake ulikuwa mdogo kama wa mtoto wa shule.

"Kuku anaendeleaje?"

"Anakula."

"Minza naye alikuwa anakula asubuhi ile," alisema. Akajitwisha ndoo. Sikuweza kumchukia. Nilipofika nyumbani nilimkumbatia Salu mpaka akalia.

Zikiwa zimebaki siku chache, shingo ya tetea ilianza kwenda upande. Mwanzoni nilidhani anasikiliza kitu. Siku iliyofuata kichwa kilikuwa kimezunguka kabisa, jicho moja linatazama juu, na akitaka kudonoa punje anadonoa hewa pembeni yake. Akitembea anazunguka palepale. Mwili wote mzima, manyoya yameanza kung'aa, na kichwa kinatazama mbinguni.

Felisita alikaa akamwangalia muda mrefu.

"Ugonjwa umetoka tumboni, umepanda kichwani," alisema. "Wanaopona wengi huwa hivi. Wengine hunyooka baadaye, wengine hawanyooki."

"Lakini ndani? Ndani si atakuwa safi sasa?"

"Huenda vidoa vimefutika. Huenda vipo."

"Mayu, si umewapasua wengi?"

"Waliokufa." Alimchukua tetea akamweka mapajani, akamlaza bawa kwa mkono. "Aliyepona sijawahi kumwona ndani. Nani anapasua kuku aliyepona?"

Kila mtu angetaka kujua, na njia ya kujua ilikuwa moja tu, nayo ingemmaliza kuku. Tulikaa pale, na tetea akawa anajaribu kulala, kichwa kinamzungusha, anaamka.

Mnada ulipita. Asubuhi yake, jua bado halijapanda, niliwaona wanaume wamesimama kwa Limbu, fimbo mikononi, wanangoja. Domitila alikuwa mlangoni amejifunika. Felisita alipita nyuma ya wigo akaingia kwangu. Alikuwa ameoga, amejipaka mafuta, amevaa gauni la kanisani. Tetea alikuwa kwapani.

Salu alikuwa amelala mgongoni mwangu.

"Nimejaribu hivi," alisema. Akakishika kichwa cha kuku kwa vidole viwili, akakinyoosha kikatazama mbele kama kuku wengine. Kwa kitambo kidogo tukamwona tetea mzuri, mwekundu, mzima. Alipoachia, shingo ikajizungusha polepole, jicho likarudi juu. "Njia ni ndefu. Vidole vitachoka. Na wakimwona anatazama juu hivi, hawatangoja kufika kwa mfumu. Yatakwisha kwenye mashamba ya pamba."

"Mfunike kwa kanga yako, mayu."

"Kanga yangu wataivuta. Watasema nimemfichia dawa." Akasikiliza sauti za wanaume. "Mbeleko hawataivuta. Waliofiwa hawashiki mbeleko ya mtoto wa mtu mpaka mvua inyeshe juu ya kaburi, wanaogopa kumwambukiza kifo. Limbu hatagusa, na wale wazee ni wa msiba huohuo. Nitamfunga kifuani, kichwa kimebanwa sawa. Kwa mfumu nitamtoa haraka. Yule hutazama ndani, hatazami shingo."

Mbeleko yangu kila mtu alikuwa anaijua, ya bluu yenye maua meupe. Masunga aliinunua Salu alipozaliwa. Kama tetea angekutwa na doa hata moja, wote wangekumbuka ilikuwa ya nani, na nani alikuwa anabebwa humo.

Nje Limbu aliita, "Mayu! Tunakwenda!"

"Nakuja!" Felisita alijibu kwa nguvu, kisha akanigeukia na sauti ikawa ndogo. Sikuwa nimewahi kumsikia akiomba. "Najua ni nguo ya nini, na najua wewe ni mama. Mimi pia nilikuwa mama. Mlaze Salu kitandani taratibu asiamke, Mama Salu, halafu nipe hiyo mbeleko, na unifunge wewe mwenyewe. Mikono yangu leo haishiki fundo."