Neno la Mama Nililolipeleka kwa Jiwe

Nilipokuwa mtoto niliamini mambo mawili bila kuuliza: kwamba lifti ya jengo letu pale Ladywood, Birmingham, ilinichukia mimi binafsi, na kwamba jiwe la shambani kwa kina Nora lilikuwa linasikia. Lifti niliisamehe zamani. Jiwe ndilo ambalo sijamalizana nalo, na sasa mimi ni mtu mzima mwenye watoto wawili.

Nora alikuwa jirani yetu, mlango kwa mlango, ghorofa ya saba. Alitoka kwao Ireland akiwa msichana, akashona viti vya magari kiwandani Longbridge mpaka mgongo ukagoma, na alipostaafu hakuwa na mtu ila sisi. Sisi ni mimi na Mama. Baba alikuwa na karatasi zake za uraia. Aliniachia pasipoti na jina la ukoo, kisha akaenda zake. Mama, Mgiriama wa Kaloleni, alikuwa bado anangoja karatasi zake. Alifanya kazi ya kutunza wazee upande wa Tyseley, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Asubuhi nyingi niliamshwa na sauti yake akiwa amevaa kiatu kimoja: “Nimekosa basi! Kadzo, nimekosa tena!” Kiswahili changu chote nilikiokota hivyo, jikoni na mlangoni. Nilikielewa lakini nilijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa hapa.

Mwaka niliotimiza miaka tisa, Nora aliomba anichukue likizo niende naye kwao, kwenye shamba la kaka yake. Mama alikubali kwa sharti moja.

“Ukikutana na mzee, umwamkie kwanza. Shikamoo.”

“Mum, they don't even know what that is.”

“Mzee ni mzee, Kadzo.”

Kwa hiyo nilipanda feri na shikamoo yangu mfukoni. Kule kulikuwa na mvua, ng'ombe, mvua tena, na nyuma ya nyumba shamba la majani lenye jiwe moja lililosimama katikati. Lilimzidi urefu kaka yake Nora akiwa na kofia, na liliinama kidogo kama mtu anayetega sikio. Hakuna aliyejua nani alilisimamisha. Walisema tu kwamba lilikuwapo kabla ya kanisa na kabla ya mtu yeyote kujua kuandika, na kwamba baba yao na babu yao walilima kwa kulizunguka.

Nora alinipa masharti yake kwa sauti ile ile aliyotumia kunikataza kucheza na jiko. Nisilipande. Nisilibandue ukoga. Na nisiliambie jambo lisilo sawa, kwa sababu likishasikia halisahau, na ukilidanganya litakufuata mpaka mlangoni kwako kudai. Mimi nilisimama mbele yake nikasema shikamoo. Nikangoja marahaba. Nora aliniuliza ninangoja nini, nikamwambia siwezi kuondoka kabla sijajibiwa. Alicheka mpaka akashika mgongo wake.

Siku ya tano Mama alipiga simu. Kabla hajasema kitu nilimmwagia habari za jiwe, kwa Kiingereza, bila kuvuta pumzi. Akauliza, “Limesimama lenyewe? Katikati ya shamba?”

“Yeah.”

“Na hawaling'oi?”

“No way. They're scared of it.”

Nilimsikia akivuta kiti. Akaniambia kwamba kwao mzee wa heshima akifa huchongewa kigango, mti unaosimamishwa kwa ajili yake, ukafungwa kitambaa, na mti huo hauondolewi hata ukoo mzima ukihama. Unakwenda pale kuzungumza naye. Nilifikiri ananisimulia hadithi.

“Sasa nisikilize, mwanangu. Babu Karisa amefariki. Wanamzika kesho. Mimi siwezi kwenda, nikitoka nchi hii hawataniruhusu kurudi kwako. Nenda kwa hilo jiwe unisemee. Mwambie, ‘Baba, nimekosa.’ Hivyo tu.”

“Okay, Mum.”

“Umeelewa?”

“Yeah.”

Babu nilimjua kwa kikohozi chake tu, kwenye simu za Jumapili. Sikulia. Nilijiona mkubwa, mtu wa kutumwa ujumbe.

Tulikwenda na Nora, mvua ikinyesha. Nikaamkia kwanza, kama nilivyofunzwa. Kisha nikafikiri: jiwe hili ni la huku, Kiswahili litakijulia wapi? Nikaona adabu ni kulitafsiria. Na neno lile nililifahamu vizuri sana, nililisikia kila wiki. Nikasema kwa sauti, “Mum says she missed it.”

Nilimaanisha kama mtu aliyekosa basi. Mama amekosa ndege, amekosa mazishi, basi. Niliiona tafsiri safi kabisa.

Nora, nyuma yangu, alitoa sauti ndogo. “So did I,” akasema. Alinieleza njiani kwamba mama yake alizikwa pale parokiani wakati yeye yuko kwenye cherehani Longbridge, na habari ilimfikia watu wamesharudi kutoka makaburini. Hajawahi kumwambia mtu Birmingham. Nilimshika mkono, na mkono ulikuwa baridi sana.

Jioni Mama alipiga tena. “Umemwambia?”

“Word for word,” nikasema, kwa majivuno.

Tuliporudi, ndoto zilianza. Asubuhi, juu ya chai, Mama alikuwa akisema: “Nimemwota Baba. Kasimama mlangoni, haingii. Ananitazama kama mtu anayengoja neno.” Kwao mzee akija ndotoni amekuja kudai. “Ulimwambia vizuri, Kadzo?” Nikajibu ndiyo. Niliogopa, kwa sababu nilikumbuka onyo la Nora kuhusu jiwe kumfuata mtu mpaka mlangoni, lakini sikuelewa linanidai nini. Sikuwa nimedanganya.

Nilielewa nikiwa na miaka kumi na minne, kwenye ibada ya Kiswahili katika ukumbi wa kukodi, Wakenya, Watanzania na Wakongo chini ya paa moja. Watu walipiga magoti wakasema kwa pamoja, “Tumekosa, Bwana.” Mama alikuwa kando yangu, mkono kifuani, machozi yakimtoka. Nikamnong'oneza Furaha, rafiki yangu wa Kikongo, “They missed what?”

Furaha aliziba mdomo asicheke. “Banaomba pardon, weye! Kukosa ni kufanya mubaya.”

Kumbe Mama alikuwa amemwomba baba yake radhi, radhi ya mwisho, na mimi nilikuwa nimempelekea habari za usafiri.

Ningemwambia siku ile ile tungelia na kucheka, yangekwisha. Sikumwambia. Kwanza niliona aibu. Kisha karatasi zake zikatoka, akaenda Kaloleni kuliona kaburi, nami nikajiambia huko atasema mwenyewe. Alirudi amenyong'onyea. Ndugu zake walikuwa wameokoka na hawakutaka habari za kigango. Walimwonyesha saruji iliyolala chini, na alipotaka kusema maneno yake mchungaji alikuwa tayari anaomba. “Hakuna hata cha kusimama nacho,” alisema. “Afadhali lile jiwe lilisikia. Wewe ulinisemea.” Akawa anawaeleza wageni: huyu mtoto alinisemea kwa baba yangu akiwa na miaka tisa. Akinisifu hivyo nilikuwa naingia jikoni kuosha vyombo vilivyo safi. Na ndoto hazikukoma.

Mama alifariki miaka miwili iliyopita, majira ya baridi. Nilikuwa nimekata shauri kumwambia. Kweli kabisa, nilikuwa nimeshayapanga maneno, nimekaa ghorofa ya juu ya basi nikiyarudia hadi hospitali. Muuguzi alinikuta mlangoni mwa wodi akanishika bega. “You've just missed her, bab,” akasema kwa upole, akiniita mpenzi kwa neno la Birmingham. Aliona ninamwangalia tu, akadhani sijaelewa Kiingereza.

Masika iliyopita nilikwenda kwenye jiwe. Nora naye amelala kwenye makaburi ya kwao sasa, na shamba linalimwa na mpwa wake, ambaye bado analizunguka kwa trekta. Nilikuwa na kipande cha leso ya Mama, chekundu. Nilikifunga kwa chini, mahali ambapo ng'ombe hawatakitafuna, nikitumaini si kosa jingine.

Sisemi kwamba naamini jiwe linasikia. Lakini aliyonionya Nora yalinipata kama alivyosema: kitu kilinifuata mpaka mlangoni, kikadai, na kilijua ninachodaiwa kabla mimi sijakijua. Na nadhani Mama hakuwa mjinga. Pengine aliona jinsi ninavyokimbilia jikoni. Pengine alinisifu mbele za watu ili nipate pa kuanzia kusema, miaka yote ile, na mimi nikaosha vyombo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kuliko tafsiri. Mtoto wa miaka tisa alifanya alivyoweza. Yule wa kumi na minne, wa ishirini, wa thelathini, ndio sina la kuwatetea.

Nilikuwa nimejiandaa niseme kwa Kiswahili kizuri: Babu, binti yako aliniagiza nikwambie kwamba amekosa. Nilisema shikamoo. Kisha likatoka neno moja tu, kwa sauti ya mtu aliyevaa kiatu kimoja.

“Nimekosa.”

Sijui nilikuwa namwambia nani, Babu au Mama, wala nilikuwa na maana ipi kati ya zile mbili. Nilisimama nikangoja marahaba, kama zamani, mvua ikiniingia kolani. Basi la kunirudisha mjini lilikuwa la saa tisa. Nililisikia likipunguza mwendo pale barabarani, likangoja kidogo, nikaliacha liende.